John Newton: Nahodha wa Meli za Watumwa Aliyetuachia Wimbo wa Neema

Neno jubilei tunalolitumia leo kwa furaha lina historia yake. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli wautakase mwaka wa hamsini. Baragumu ilipigwa nchini kote, mashamba yaliyouzwa yakarudi kwa wenyewe, na aliyekuwa ameuzwa utumwani akafunguliwa arudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo jubilei, tangu mwanzo wake, ni habari ya watu waliofungwa kuachwa huru.

Ndiyo sababu tumeona vema kukumbuka katika kijitabu hiki maisha ya John Newton. Ni vigumu kupata kwaya ya Kikristo, mjini au kijijini, ambayo haijaimba wimbo wake wa neema ya ajabu. Tumeuimba kwenye mikutano ya injili, kwenye ibada za mazishi, na katika ibada za Jumapili wakati watu wanaitwa kutubu. Lakini wengi wetu hatujui kwamba mtunzi wake aliwahi kufanya kazi ya kununua watu, kuwafunga minyororo na kuwavusha bahari kwenda kuuzwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kweli kubadilika? Na kama alibadilika, ilimchukua muda gani? Maisha yake yanatujibu, ingawa jibu si jepesi kama tulivyozoea kulisikia katika shuhuda.

Mtoto wa nahodha

John Newton alizaliwa mwezi wa Julai 1725 katika mtaa wa Wapping, London, karibu na mto Thames mahali meli zilipotia nanga. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali na asiyeonekana sana nyumbani. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu. Alimfundisha mwanawe kusoma akiwa mdogo kabisa, akamkaririsha Maandiko, katekisimu na nyimbo za Isaac Watts. Alitamani siku moja mtoto huyo awe mchungaji.

Mama huyo alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1732, wakati Newton alikuwa bado hajatimiza miaka saba. Baba alioa tena, na kijana akawa kama hana mwenyewe. Alipofika miaka 11, baba yake alimchukua baharini. Huko akajifunza ubaharia, na pamoja na ubaharia akajifunza ulevi, matusi na dharau kwa mambo ya Mungu. Mara kadhaa alijaribu kurudi kwenye sala alizofundishwa na mama, akafunga na kusoma Biblia, kisha akaanguka tena. Mwishoni akaacha kujaribu, akaamini kwamba hakuna Mungu wa kumwuliza lolote.

Mwezi wa Desemba 1742, akiwa na miaka 17, alitembelea jamaa waliokuwa marafiki wa marehemu mama yake huko Kent. Akampenda binti yao Mary Catlett, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka 14. Upendo huo haukumwacha maisha yake yote. Kwa ajili yake alikaa Kent kupita siku alizoruhusiwa, na meli iliyokuwa imwendeshe Jamaica kwenye kazi ikaondoka bila yeye.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la wanamaji la Uingereza, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akapelekwa kwenye manowari ya Harwich. Baba yake alimwombea cheo cha ofisa mwanafunzi, naye akakipata. Lakini aliposikia kwamba meli inakwenda safari ya miaka mingi mbali na Mary, akatoroka. Akashikwa, akarudishwa kwa pingu, akavuliwa nguo na kuchapwa viboko mbele ya wenzake wote, na cheo chake kikaondolewa. Moyo wake ukajaa uchungu. Alifikiri kumwua nahodha wake, na alifikiri kujiua.

Walioshiriki naye chakula

Karibu na kisiwa cha Madeira, Newton alibadilishwa na baharia wa meli nyingine iliyokuwa ikienda Afrika Magharibi kutafuta watumwa. Alifurahi, kwa sababu hakuna aliyemjua katika meli ile, naye aliona kwamba sasa angeweza kutenda dhambi apendavyo bila kuona haya.

Alipofika pwani ya Sierra Leone aliacha meli, akajiunga na Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa akiishi visiwa vya Plantain. Newton alitumaini kutajirika. Badala yake aliugua homa kali, na tajiri wake aliposafiri akamwacha mikononi mwa mwanamke Mwafrika aliyekuwa akiishi na tajiri huyo kama mkewe. Mwanamke huyo alimchukia. Alimnyima maji na chakula, akamtupia mabaki ya sahani yake, na kumcheka alipokuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kusimama. Usiku Newton alitoka kwa kutambaa, akang'oa mizizi shambani na kuila mbichi. Baadaye hata tajiri mwenyewe alimgeukia, akamsingizia wizi na kumfanyisha kazi ngumu akiwa hana nguo ya kutosha wala malazi.

Katika siku zile kulikuwa na watu waliomhurumia. Watumwa waliofungwa minyororo, ambao wenyewe walipewa chakula kidogo sana, walimletea kwa siri sehemu ya posho yao. Walifanya hivyo wakijua kwamba wakionekana wataadhibiwa. Newton mwenyewe aliliandika jambo hili baadaye, kwa hiyo tunajua hakulisahau. Nasi tulikumbuke tunapoendelea kusoma, kwa maana mtu huyu aliyelishwa na watu waliofungwa atakuja kuwa nahodha wa meli zinazowabeba.

Usiku wa dhoruba

Baba yake alikuwa amewaomba manahodha rafiki zake wamtafute. Mwaka 1747 meli moja iliyoitwa Greyhound ilimpata. Meli hiyo ilikuwa ikikusanya dhahabu, pembe za ndovu, nta na magogo ya kutengenezea rangi. Newton alipanda kama abiria, na kwa miezi mingi kazi yake ikawa kukufuru. Alitunga maneno mapya ya kumtukana Mungu hata nahodha, ambaye naye hakuwa mtu wa sala, akashtuka.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1748, katika bahari ya Atlantiki kaskazini, dhoruba kali iliipiga meli ikapasua ubavu wake. Newton aliamshwa na maji yaliyojaa chumbani. Alipokuwa akipanda juu, nahodha akamtuma arudi kuchukua kisu. Mwenzake aliyepanda mahali pake alichukuliwa na wimbi, hakuonekana tena. Newton alifungwa kamba asisombwe, akapiga pampu tangu usiku wa manane hadi adhuhuri. Kisha akashika usukani hadi karibu usiku wa manane uliofuata. Meli haikuzama kwa kuwa ndani yake mlikuwa na nta na magogo, vitu vyepesi vinavyoelea.

Katikati ya kazi hiyo alijikuta ametamka kwamba Bwana awahurumie. Mara akashtushwa na maneno yake mwenyewe, kwa maana kwa miaka mingi hakuwahi kuomba rehema ya mtu yeyote. Akaanza kujiuliza kama kweli kunaweza kuwa na rehema kwa mtu kama yeye. Katika majuma yaliyofuata nahodha alirudia kusema kwamba Newton ndiye Yona wao, aliyewaletea balaa. Mapema Aprili walifika Ireland, chakula chao cha mwisho kikiwa kinachemka chunguni.

Tangu hapo, kila tarehe 21 Machi, hadi uzee wake, Newton aliitenga siku hiyo kwa sala na shukrani. Wengi wetu tunajua tarehe yetu ya kuokoka. Newton naye aliijua yake. Kama tungeishia hapo, tungekuwa na ushuhuda mzuri wa kusimulia jukwaani. Lakini maisha yake hayakuishia hapo.

Ameokoka, lakini bado anauza watu

Mwaka huohuo wa 1748 Newton alirudi Afrika Magharibi, mara hii akiwa msaidizi wa kwanza wa nahodha katika meli ya watumwa. Alikuwa ameacha matusi, lakini kazi yake ilikuwa kupita kwa mashua kutoka mahali hadi mahali akinunua watu. Mwezi wa Februari 1750 alifunga ndoa na Mary, na mwaka huohuo akapewa meli yake mwenyewe. Kati ya 1750 na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha, ya kwanza kwa meli iliyoitwa Duke of Argyle na mbili kwa meli iliyoitwa African. Alitoka Liverpool, akachukua watu pwani ya Afrika Magharibi, akawavusha hadi visiwa vya Karibi na kuwauza huko.

Kila Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada. Aliwakataza kuapa. Alimwandikia Mary barua ndefu zilizojaa upendo na mambo ya Mungu. Na chini ya mbao alizosimama juu yake akiomba, walilazwa wanaume, wanawake na watoto, wamebanana, wanaume wakiwa na minyororo miguuni. Alipoandika katika kitabu chake cha safari kwamba mmoja wao amekufa na kutupwa baharini, hakuandika jina. Aliandika namba. Katika safari mojawapo, aliposhuku kwamba wafungwa wanapanga kuasi, aliwatesa wavulana kwa chuma cha kubana vidole gumba ili wakiri.

Safari yake ya mwisho ilipokwisha mwaka 1754, hakuna mtu aliyekuwa amekufa njiani, si baharia wala mtumwa. Lilikuwa jambo la nadra sana katika biashara ile. Newton alikwenda kanisani kutoa shukrani. Aliona kwamba Mungu amembariki. Watu aliokuwa amewauza kule Karibi hawakuwa na cha kushukuru.

Wapendwa, hapa ndipo penye uzito. Huyu hakuwa mnafiki aliyejua ubaya akauficha kwa sala. Aliomba kwa moyo wote, na bado hakuona. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria, wakubwa wa mji waliiheshimu, na wachungaji wengi hawakuikemea. Alianza kuchoka na kazi ya kuwa kama askari jela, akamwomba Mungu ampe kazi nyingine, lakini hakuwa amefikia kuiita dhambi. Hata kuacha kwake hakukutoka katika toba. Mwezi wa Novemba 1754, siku chache kabla ya kusafiri tena, alianguka ghafla akiwa anakunywa chai na mkewe, akapoteza fahamu. Madaktari wakamshauri asirudi baharini. Mwili ndio uliomtoa katika meli za watumwa. Dhamiri yake ilichukua muda mrefu zaidi.

Mchungaji wa Olney

Newton alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool. Jioni alijifunza mwenyewe Kigiriki na Kiebrania, akawasikiliza wahubiri wakubwa wa uamsho, na hamu ya mama yake ikaanza kufufuka ndani yake. Aliomba kuwekewa mikono katika Kanisa la Anglikana, akakataliwa, kwa kuwa hakuwa amesoma chuo kikuu na alihesabiwa kuwa karibu mno na watu wa uamsho. Alingoja zaidi ya miaka mitano. Mwaka 1764 alikubaliwa, akatumwa Olney, mji mdogo wa watu maskini ambao wengi wao waliishi kwa kufuma lesi.

Watu wa Olney walimpenda. Aliwatembelea majumbani akiwa amevaa koti lake kuukuu la ubaharia, akakusanya watoto kuwafundisha, akaanzisha mikutano ya sala katikati ya juma. Kanisa lilijaa hata ikabidi ijengwe roshani ndani yake. Mwaka 1767 mshairi William Cowper alihamia Olney. Cowper alikuwa mtu mwenye kipaji kikubwa na maradhi mazito ya huzuni, ambaye zaidi ya mara moja alijaribu kujiua. Newton alikaa naye, akatembea naye, na katika vipindi vibaya akampa hifadhi nyumbani kwake kwa miezi mingi. Mtu ambaye zamani aliwaandika watu kwa namba sasa alijifunza kubeba mzigo wa mtu mmoja kwa jina lake.

Pamoja walitunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya watu wa kawaida. Newton alipenda kuandaa wimbo unaofuata somo la siku, kwa maneno mepesi ambayo mfuma lesi angeyaelewa. Mwaka 1779 walizichapisha katika kitabu cha Olney Hymns, chenye nyimbo 348. Takriban 280 kati yake ni za Newton.

Wimbo wa neema ya ajabu ulitungwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773. Somo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati sura ya 17, pale mfalme Daudi anapoketi mbele za Bwana na kushangaa yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo alipo. Newton alitazama nyuma akaona njia yake mwenyewe, hatari alizopita na upofu aliokuwa nao. Hakukuwa na tuni tunayoijua leo. Tuni hiyo iliunganishwa na maneno yake huko Marekani, katika kitabu cha nyimbo cha William Walker cha mwaka 1835, baada ya Newton kufa.

Tukumbuke tarehe hiyo ya 1773. Alipoandika kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona, zilibaki bado miaka 15 kabla hajasema hadharani neno lolote dhidi ya biashara ya watumwa. Aliona, lakini hakuwa ameona yote.

Kinywa kinafunguka

Mwaka 1780 Newton alihamia kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya mji wa London. Mwezi wa Desemba 1785 alijiwa kwa siri na mbunge kijana aitwaye William Wilberforce, ambaye alimfahamu tangu utotoni. Wilberforce alikuwa amemgeukia Kristo, akawaza kuacha siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwa kuwa huenda Mungu alimweka pale kwa kazi fulani. Muda si mrefu kazi hiyo ikajulikana, nayo ilikuwa kupigana na biashara ya watumwa.

Sasa zamu ikamfikia Newton. Wapinzani wa biashara hiyo walihitaji mtu aliyeiona kwa macho. Wafanyabiashara walikuwa wakilieleza Bunge kwamba watumwa wanasafirishwa vizuri, wakiwa na afya na furaha. Wachache walioujua ukweli walikuwa wanakula kutokana nao. Newton angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka 62, mchungaji mwenye jina jema, na watu walikuwa wamekwisha kumsamehe mambo ya ujana wake, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasimulia katika kitabu mwaka 1764. Lakini katika kitabu kile aliungama matusi yake na uasi wake, na biashara yenyewe akaipita juu juu.

Mwezi wa Januari 1788 alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa wa Afrika. Alikiri wazi kwamba maungamo yake yamechelewa mno, na kwamba ataona aibu daima kwa kuwa alishiriki katika jambo ambalo sasa moyo wake ulitetemeka kulikumbuka. Kisha akaeleza yote: jinsi watu walivyolazwa wamepangwa kama vitabu rafuni, hewa ya ndani ya meli, waliokutwa asubuhi aliye hai amefungwa pamoja na aliyekufa, mateso ya vidole gumba, na wanawake walivyotendewa na mabaharia. Akawatetea Waafrika wa Sierra Leone aliowajua, akisema kwamba katika mengi walikuwa waaminifu kuliko wazungu waliowajia. Wapinzani wa biashara walihakikisha kila mbunge anapata nakala. Mwaka huohuo aliitwa kutoa ushahidi mbele ya Baraza la mfalme, na mwaka 1790 mbele ya kamati ya Bunge.

Tangu aache usukani wa meli ya watumwa hadi siku aliyochapisha kijitabu kile ilikuwa imepita miaka 33. Wengine watasema mtu huyu alichelewa, nao watakuwa wamesema kweli, kwa maana mwenyewe alisema hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki. Wale aliowauza Karibi hawakurudishwa nyumbani na kijitabu, na wale walioandikwa namba hatutayajua majina yao. Neema ilimsamehe Newton, lakini hakuitumia kufuta yaliyopita. Aliitumia kupata ujasiri wa kuyasema, kwa jina lake mwenyewe, mbele ya watu wenye uwezo wa kuyakomesha.

Miaka ya mwisho

Mary alikufa Desemba 1790, na Newton aliomboleza miaka mingi. Macho yake yalififia, masikio yakawa mazito, na kumbukumbu ikaanza kumtoka hata mimbarani. Aliposhauriwa apumzike alikataa. Inasimuliwa kwamba katika siku zake za mwisho alisema mambo mawili tu ndiyo aliyoyakumbuka vizuri: kwamba yeye ni mwenye dhambi mkubwa, na kwamba Kristo ni mwokozi mkubwa.

Wilberforce na wenzake walishindwa Bungeni mara nyingi. Hatimaye, tarehe 25 Machi 1807, sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilikamilika. Newton aliishi kuiona. Alikufa tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Aliandika mwenyewe maneno ya kuwekwa kwenye kumbukumbu yake, na hakujipamba. Alitaka asomaye ajue kwamba aliwahi kuwa mkana Mungu na mtumishi wa watumwa katika Afrika, na kwamba ni rehema ya Kristo iliyomrejesha.

Wimbo na habari zake zafika kwetu

Mwaka 1783 Newton alikuwa mmoja wa walioanzisha kikundi kidogo cha wachungaji na waumini huko London waliokutana kujadili mambo ya imani. Katika mazungumzo ya kikundi hicho ndimo lilimokua wazo lililozaa chama cha misheni cha CMS mwaka 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na baadaye kuanzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Freretown, bara ya Mombasa, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ya mahali hapo iliupa mtaa jina la Kengeleni, na matatu zinapita pale hadi leo. Pwani yetu nayo ilikuwa na biashara yake ya watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka mia moja baada ya Newton kufa.

Wimbo wenyewe ulisafiri njia nyingine pia. Huko Marekani uliimbwa na watumwa weusi, watoto na wajukuu wa watu waliovushwa kwa meli kama za Newton. Mwaka 1852, katika riwaya ya Uncle Tom's Cabin, Harriet Beecher Stowe alimwonyesha mtumwa Tom akiuimba, pamoja na ubeti usio wa Newton, unaozungumza juu ya miaka elfu kumi ya kumsifu Mungu. Ubeti huo ndio unaoimbwa mwisho na wengi siku hizi. Kwa hiyo wimbo ulioanzwa na aliyeuza watu umekuja kumaliziwa vinywani mwa waliouzwa.

Neno kwa waimbaji

Tumeanza kwa kuuliza kama mtu mwovu aweza kubadilika. Maisha ya Newton yanasema ndiyo, na yanasema pia kwamba usiku mmoja wa dhoruba haukutosha. Alianza kwa kuacha matusi, jambo ambalo halikumgharimu kitu. Alimaliza kwa kuishtaki kazi iliyomlisha. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na miaka mingi ya kuimba, kuomba, kuhubiri, na kutoona.

Sisi waimbaji tuko katika hatari ya pekee. Sauti nzuri inaweza kumfanya mtu afikiri kwamba kila kitu ndani yake kimenyooka. Mtu anaweza kuimba teno vizuri Jumapili na Jumatatu akamnyima kibarua mshahara wake. Anaweza kuongoza sifa na nyumbani msichana wa kazi akalala njaa. Kama Newton, huenda anaomba kwa dhati na bado haoni, kwa sababu kila mtu anayemzunguka anafanya hivyohivyo.

Na kama yuko miongoni mwetu mtu anayebeba jambo la zamani analodhani haliwezi kusamehewa, amtazame Newton asikate tamaa. Lakini asiombe tu kusamehewa. Aombe pia afunguliwe macho awaone wale aliowaumiza, na akishawaona, afungue kinywa. Watumwa wa Plantain walimgawia mgonjwa chakula chao kidogo wakiwa minyororoni. Deni hilo Newton alichukua zaidi ya miaka 40 kuanza kulilipa. Tunapousimamia wimbo wake katika jubilei hii, tuuimbe kwa ajili yao pia.